Milima miwili ya chuma mjini Nairobi

Mlima Gelai uko kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Natron. Shengena ni kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare, nchini humo humo. Hata hivyo, msikilizaji akifika Nairobi na kutembea kidogo kutoka stesheni kuu ya zamani hadi Jumba la Makumbusho la Reli, atawakuta Gelai na Shengena wamesimama juu ya reli, wamepakwa rangi nyekundu ya damu ya mzee. Hizi ni injini mbili za mvuke, namba 5918 na namba 5930, na kila moja ina jina la mlima wake ubavuni.

Zilikuwa 34. Zote ziliundwa Manchester, Uingereza, na kampuni ya Beyer, Peacock, zikaletwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1955 na 1956, na kila moja ikapewa jina la mlima wa eneo hili. Namba 5901 iliitwa Mount Kenya. Namba 5928 iliitwa Mount Kilimanjaro. Hizo mbili hazipo tena. Zilikatwa vipande kuwa chuma chakavu pamoja na nyingine 30, baada ya kuondolewa kazini kuanzia mwaka 1973 hadi 1980. Zilizosalimika ni mbili tu, na zimebeba majina ya milima ambayo wakazi wengi wa Nairobi wangetatizika kuionyesha kwenye ramani.

Kwa nini injini hizi zinastahili kutunzwa? Jibu la haraka ni kwamba hazikuwahi kuundwa injini za mvuke kubwa na zenye nguvu kuliko hizi kwa ajili ya reli yenye upana wa mita moja, popote duniani. Lakini sifa ya ukubwa pekee haitoshi. Inafaa kueleza zilivyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo ilipo akili ya mambo.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, shehena ilirundikana katika bandari ya Mombasa kuliko reli ilivyoweza kuipandisha bara. Njia ya kwenda Nairobi ina urefu wa kilomita zipatazo 530, nayo huanza usawa wa bahari na kuishia juu ya mita 1,600, ikipita kona nyingi. Kulitakiwa injini yenye nguvu sana, lakini injini yenye nguvu ni nzito na ndefu, na reli nyembamba iliyotandikwa tangu mwaka 1896 isingeweza kuhimili uzito wote huo mahali pamoja. Injini ndefu, tena, haipindi.

Ufumbuzi ulikuwa umekwishapatikana kwa Mwingereza mmoja, Herbert William Garratt, aliyeusajili uvumbuzi wake mwaka 1907. Katika injini ya kawaida, boila, yaani pipa kubwa la kuchemshia maji, hukaa juu ya magurudumu. Garratt aliligawa jambo hilo. Aliweka mtambo mmoja wa magurudumu mbele na mwingine nyuma, kila mmoja na silinda zake, kisha boila akalining'iniza katikati juu ya fremu inayoegemea mitambo yote miwili. Mtu aliyewahi kuona mgonjwa akibebwa kwa machela ataelewa mara moja: mchukuzi mmoja mbele, mwingine nyuma, mzigo katikati. Njia ikipinda, kila mchukuzi hugeuka kwa hatua zake, na machela hufuata.

Kwa kuwa chini ya boila hapakuwa na gurudumu lolote, boila liliweza kuwa nene na tanuri lake liwe na kina. Boila la Mount Gelai lina kipenyo cha zaidi ya mita mbili na robo, na lilipita juu ya reli yenye upana wa mita moja! Injini nzima ina urefu wa zaidi ya mita 31, magurudumu 28, na uzito wa tani zipatazo 250 ikiwa imejaa maji na mafuta. Haikuchoma kuni wala makaa. Ilichoma mafuta mazito, yaliyopulizwa ndani ya tanuri kwa nguvu ya mvuke wenyewe. Iliweza kuvuta treni ya tani 1,200 kupanda kutoka pwani. Injini hizo 34 zilipoingia kazini, mrundikano wa Mombasa ulipungua.

Jumba lenyewe lilianzishwa mwaka 1971. Mwaka huo unahitaji kuangaliwa vizuri. Wakati huo Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa mali ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo kilichokusanywa Nairobi hakikuwa urithi wa Kenya peke yake. Vyombo vilitoka katika mtandao mzima, na majina yaliyobandikwa kwenye injini yanatoa ushahidi. Pamoja na milima ile miwili ya Tanzania, ipo injini namba 3020 iitwayo Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida. Ipo namba 3123, Bavuma, jina la watu wa visiwa vya Buvuma katika Ziwa Victoria upande wa Uganda. Ipo namba 2921, Masai of Kenya, na mwenye kulibuni jina hilo bila shaka alikumbuka kwamba Wamasai wako pande zote mbili za mpaka.

Miaka sita baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ilivunjika. Mali ikagawanywa kwa mvutano mkubwa: injini, mabehewa, ndege, meli, karakana. Kila nchi ikaanzisha shirika lake la reli. Vilivyokuwa Nairobi vikabaki Nairobi. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba Gelai na Shengena, milima ya Tanzania, ni mali ya Kenya, na Bavuma wa Uganda yuko karibu nao. Jumuiya ilifufuliwa rasmi mwaka 2000, lakini uwanja ule wa reli ulikuwa umeendelea kuiweka pamoja, kimya kimya, katika miaka yote ambayo haikuwapo.

Majina mengine yana kisa cha namna nyingine. Injini namba 6006 ni ya aina ya Garratt pia, ndogo kuliko zile za milima. Za aina yake zilipewa majina ya magavana wa kikoloni, na hii ilipewa jina la Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika katika miaka ya 1930. Baada ya uhuru majina ya magavana yaliondolewa kwenye injini hizo, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Majina ya milima na ya makabila yaliachwa. Leo mgeni anayeitazama 6006 hukutana na jina la gavana kama sehemu ya historia yake, na swali halikwepeki: makumbusho yaionyeshe injini kama ilivyotoka kiwandani, au kama ilivyokuwa siku yake ya mwisho kazini? Mafundi wa makumbusho duniani kote hubishana juu ya jambo hili. Wanaosema injini ionyeshwe kama ilivyomaliza kazi wana hoja nzito, maana kufutwa kwa jina nako ni tukio la historia. Lakini kibao kikiondolewa kabisa, kijana wa leo hatajua kwamba kuna kitu kilichofutwa.

Kivutio kinachoulizwa sana na wageni, hata hivyo, si injini. Ni behewa. Mwezi Juni mwaka 1900, katika kituo cha Kima, kusini-mashariki ya Nairobi, ofisa wa polisi wa reli aitwaye Charles Ryall alilala ndani ya behewa hilo pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Walikuwa wakimvizia simba aliyekuwa akiua watu kituoni hapo. Zamu ya Ryall ya kukesha ilipofika, usingizi ukamshinda. Simba akapanda kupitia mlango wa kutelezesha, behewa likainama kwa uzito wake, na mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake. Akamkanyaga Parenti aliyekuwa amelala sakafuni, akamtwaa Ryall, akatoka naye dirishani. Kwa Kiswahili, kima ni aina ya tumbili, na pia ni nyama iliyosagwa. Waandishi wa Kizungu wamelifurahia jina hilo tangu zamani kuliko adabu inavyoruhusu. Hawa si simba wa Tsavo walioua mafundi wa daraja mwaka 1898. Simba wale wa Tsavo, ngozi zao zilizojazwa, wako katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, ambako msikilizaji aliye Marekani anaweza kuwaona.

Behewa la mbao linaweza kuwekwa chini ya paa dogo na likaishi. Injini ya mita 31 ni shughuli nyingine. Injini nyingi za Nairobi zimesimama nje, uwanjani, na hapo ndipo shida ya kweli ilipo.

Mtu akiitazama injini ya chuma hudhani kwamba ni kitu kisichoweza kuharibika. Ukweli ni kwamba injini ya mvuke iliyozimwa huoza kutoka ndani. Wakati wa kazi, boila hufunikwa kwa kitambaa kizito cha kuzuia joto lisitoke, kisha juu yake huzungushiwa mabati membamba yanayopakwa rangi. Mvua ya Nairobi ikipenya chini ya mabati hayo, kitambaa hunyonya maji na kuyakumbatiza kwenye chuma cha boila mwezi baada ya mwezi. Nje rangi inang'aa. Ndani kutu inakula. Tena, katika injini za zamani kitambaa hicho mara nyingi kilikuwa cha asbesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu, kwa hiyo hakiwezi kubanduliwa ovyo na vibarua wasio na vifaa. Bomba la moshi lisipofunikwa, maji huingia kutoka juu, huchanganyika na masizi, na masizi yenye maji hugeuka kuwa tindikali. Matangi yasipotobolewa tundu la kutolea maji, hujaa. Pistoni zisipopakwa grisi na kusogezwa mara kwa mara, hushikamana na silinda. Na vitu vya shaba, kama vipimo, filimbi na vibao vya majina, huvutia wezi katika nchi yoyote ile.

Yote hayo yana dawa, na dawa ya kwanza ni paa. Si jambo la kupigiwa tarumbeta. Mfadhili hupenda kupigwa picha mbele ya injini inayofuka moshi, si chini ya mabati mapya. Lakini paa refu lenye pande zilizo wazi, grisi, na kifuniko juu ya bomba la moshi vingeongeza maisha ya Mount Shengena kuliko rangi mpya ya kila baada ya miaka michache.

Je, ziwashwe moto tena? Hapa watunzaji hugawanyika, na kila upande una mfano wake. Jumba la Taifa la Reli huko York, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1975, lina injini mbili mashuhuri. Moja ni Mallard, iliyokimbia maili 126 kwa saa, yaani kilomita 203, tarehe 3 Julai 1938, kasi ambayo hakuna injini nyingine ya mvuke iliyothibitishwa kuipita. Mallard iliwashwa kwa muda mfupi katika miaka ya 1980, kisha ikaachwa ipumzike. Husimama ndani, imekauka, na chuma chake kingi ni kile kilichokimbia siku ile.

Nyingine ni Flying Scotsman, ya mwaka 1923. Jumba liliinunua mwaka 2004, likaanza kuitengeneza mwaka 2006 likidhani kazi haitakuwa ndefu, na injini ikarudi njiani mwaka 2016 baada ya kugharimu zaidi ya pauni milioni nne. Maelfu ya watu walijipanga kando ya reli kuitazama ikipita. Lakini katika maisha yake imebadilishiwa boila na vipande vingi, mpaka ni kama lile shoka la babu, ambalo baba alilitia mpini mpya na mwana akalitia bapa jipya. Tena kazi yenyewe haiishi: huko Uingereza, boila la injini inayovuta abiria kwa kawaida hutolewa na kukaguliwa upya kila baada ya miaka kama 10.

Nairobi imeonja njia zote mbili. Mount Gelai na Nyaturu ziliwahi kurudishwa kazini baada ya kuwa vitu vya makumbusho, zikavuta treni za matembezi. Waliomwona Gelai akitoka uwanjani kwa mvuke wake mwenyewe wanajua kwamba maelezo ya mdomo hayafiki. Mtoto anayeambiwa kwamba mashine hii ilipandisha tani 1,200 hutikisa kichwa kwa heshima. Akiisikia ikivuta pumzi, huelewa. Ila kuna hatari. Mvuke ulio katika shinikizo kubwa haumsamehi fundi aliyekisia. Boila linalokaguliwa kwa macho tu, bila kupimwa kwa maji ya shinikizo na bila kupima unene wa chuma chake, linaweza kuua.

Busara ingekuwa kugawana kazi, kwa kuwa milima iliyobaki ni miwili. Mmoja, Shengena, uachwe baridi kabisa, ukaushwe, uezekwe, usiguswe kipande chake kwa ajili ya kumtengenezea mwenzake. Mwingine, Gelai, uwe ndio unaosubiri siku ya fedha na mafundi. Jaribu kubwa katika karakana yoyote yenye injini mbili za aina moja ni kuvua vipuri vya moja ili nyingine itembee, na mwisho wa hadithi hiyo huwa hakuna injini hata moja iliyo kamili.

Vipuri, kwa kweli, vinaweza kuundwa upya, maana michoro ipo. Kiwanda cha Beyer, Peacock kilichokuwa Gorton, Manchester, kilifungwa mwaka 1966, lakini kumbukumbu zake zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Sayansi na Viwanda la mji huo huo. Katika mkusanyiko wa jumba hilo imo pia Garratt nyingine kubwa, Princess Alice, iliyofanya kazi Afrika Kusini na kurudishwa mji ilikozaliwa katika miaka ya 1980. Waswahili wanaoishi Manchester, na si wachache, hawana haja ya kupanda ndege ili kuona ndugu wa Gelai. Nyaturu naye ana kwao: aliundwa Glasgow, na kampuni ya North British, katikati ya miaka ya 1950.

Kuna kitu kimoja ambacho hakimo katika michoro ya Manchester. Mchoro huonyesha kipenyo cha bomba. Hauonyeshi jinsi dereva alivyojua, kwa rangi ya moshi, kwamba mafuta yamezidi hewa, wala jinsi mchochea moto alivyorusha mchanga kidogo tanurini ili kusugua masizi kwenye mabomba, wala walivyoitana usiku katika mteremko wa Mazeras wakati breki zilipokuwa zimepata moto. Kazi hiyo ilifanywa na Waafrika, Masingasinga na Waingereza, kila mmoja akipokea mshahara wa daraja lake na akiishi katika nyumba za daraja lake, jambo ambalo nalo linastahili kibao cha maelezo. Lugha waliyoelewana nayo pale juu ya chuma cha moto, kwa sehemu kubwa, ilikuwa Kiswahili: Kiswahili cha karakana, kilichojaa maneno ya Kihindi na Kiingereza yaliyofinyangwa, na ambayo mengi hayamo katika kamusi yoyote.

Makumbusho yana chuma. Maneno hayo bado yako vinywani mwa wazee wa Mombasa, Voi, Nairobi, Nakuru, Tabora na Tororo, na kwa watoto wa mafundi wa Kihindi waliohamia Leicester na London. Kuyarekodi hakuhitaji boila wala mamilioni. Kunahitaji mtu mwenye kinasa sauti, na subira ya kunywa chai mara mbili tatu kabla ya mzee kuanza kukumbuka. Injini za mwisho za aina ya Gelai ziliondolewa kazini mwaka 1980. Kijana aliyeanza kuzichochea moto mwaka 1975, akiwa na miaka 20, leo amevuka 70.